Usukani Mwepesi

Anayetaka kumjua Rozalia Wojtas asimuulize habari za maisha yake, maana atajibiwa kwa mkato na kuonyeshwa mlango. Ampelekee gari. Gereji yake iko katika mji mdogo wa Wyandotte, mtaa wa pili kutoka mtoni, na kwa miaka mingi wanaume wazima wamekuwa wakiingia pale wakijigamba na kutoka wamenyamaza. Injini haigusi. Kazi yake ni springi, boljointi, usukani na namna tairi linavyokaa juu ya lami, na magari anayoyapenda ni yale ya zamani yenye injini kubwa kuliko akili ya mwenyewe.

Siku moja ya Machi, theluji ikiwa bado imerundikana kwenye kona za maegesho, aliingia Duane Pokriefka, fundi wa mabomba wa mji jirani wa Trenton, mdomo mkubwa na moyo usio mbaya. Nyuma ya gari lake alikuwa amebeba rimu nne mpya zinazong'aa hadi zinaumiza macho.

"Hizi unataka ziingie wapi?" Roz akamuuliza. "Sebuleni?"

"Kwenye Pontiac yangu, Roz. Zitaingia tu. Kuna jamaa nimemwona mtandaoni kazifunga kwenye gari kama hili hili."

"Umemwona akikata kona?"

"Nimeona picha."

"Ehee. Picha haisugui tairi kwenye madigadi. Sikia, bwana mkubwa. Shuka saizi mbili tatu. Tafuta rimu ambayo uso wake wa kufungia uko karibu na ukingo wa nje, ili tairi lirudi ndani. Halafu hizo springi za mbele ulizozikata kwa msumeno, usinifiche, nimeziona, toa uweke nzima. Springi haikatwi kama kitunguu."

Duane akajikuna shingo. Roz akamuuliza uzito wake.

"Jamani, Roz!"

"Sikuposi, nakupimia gari."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Kabla ya kupima mkao wa matairi, aliweka kwenye kiti cha dereva mifuko ya chumvi, ile mizito ya mashine za kuondoa chokaa kwenye maji ya nyumbani, mpaka ilingane na uzito wa mwenye gari, kwani gari tupu huonyesha picha nyingine na gari lenye mtu wake huonyesha nyingine. Wateja walitaniana sana kuhusu mifuko hiyo. Ila hakuna aliyebisha kipimo chake, kwa sababu Roz hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu gari lake. Padri alipomletea lake akilalamika kwamba linatetemeka, alilipima, akamwambia mbele ya watu kuwa gari halina shida, shida ni namna baba anavyopanda kingo za barabara. Kitu pekee alichokipuuza ni pikapu yake mwenyewe. Ilikuwa imeingia kwenye shimo la barabarani mwezi ule ule wa Machi na haikupanda kwenye jukwaa la kuinulia magari hata mara moja. Mafundi ndivyo walivyo.

Yote hayo alifundishwa na kaka yake, Casimir. Baba yao alifariki Roz akiwa na miaka kumi na minne, na mama alitaka binti asomee ukarani. Casimir alikuwa amemzidi miaka tisa, tayari anafanya kazi kiwandani akining'iniza vipuri juu ya kichwa chake kutwa nzima. Alikuwa amejinunulia gari aina ya Chevelle, la bluu iliyokolea, na jioni moja alimvuta mdogo wake chini ya gari hilo. "Umeona baiskeli?" alimuuliza. "Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, umelalia nyuma. Ndiyo maana unaweza kuachia mikono na bado ikaenda mbele. Gari nalo ni hivyo hivyo. Ukilaza nyuma zaidi, usukani unakuwa mzito lakini gari linanyooka lenyewe. Ukisimamisha wima, usukani unakuwa mwepesi kama wa kitoto, halafu barabara kuu inakushangaza." Roz hakurudi tena kwenye habari za ukarani. Alipata mume, mume akahamia Arizona akisingizia baridi, naye akabaki na gereji na kaka yake, wala hakuonekana kudhani kwamba amepunjwa.

Casimir sasa alikuwa na miaka sabini kasoro. Chevelle ilikuwa haijatoka mkononi mwake. Usukani wake ulikuwa wa nguvu za mikono, bila pampu ya kuusaidia, na matairi ya mbele yalikuwa mapana. Mabega yake yalikuwa yameliwa na ile kazi ya kunyoosha mikono juu, na tangu mkewe Irena afariki alikuwa anakula kama ndege. Roz alilijua hilo kuliko daktari. Zamani kiti cha Casimir kilihitaji mifuko mitano ya chumvi. Mwaka ule aliweka minne, akatazama mizani, akaondoa mmoja mwingine huku amegeuza uso.

"Tuifunge pawa stelingi, kaka," alimwambia zaidi ya mara moja.

"Mkishanizika, fungeni mnachotaka. Weka hata kiti cha kukanda mgongo."

Kwaresima hiyo, Ijumaa ya samaki wa kukaanga parokiani, Casimir alishindwa kutoka kwenye maegesho. Alikuwa amebanwa mbele na nyuma, na usukani ukakataa kuzunguka. Mzee mwenzake mmoja akaingiza mikono dirishani, wakauvuta pamoja kama watu wanaochota maji kisimani, na watu waliokuwa kwenye foleni ya samaki wakapiga makofi. Casimir akacheka, akainua kofia, akawatania kwamba wamekula samaki wengi. Lakini Roz alipokwenda kumuaga alimkuta amekaa garini, mikono ameibana katikati ya magoti ili isionekane inavyotetemeka. Roho ilimuuma Roz kiasi kwamba chakula kilimshinda.

Kwa mtu kama Casimir lile gari halikuwa starehe. Gari dogo la kila siku alikuwa nalo, la kwenda dukani tu, lakini hili ndilo lililomtoa nyumbani. Bila hilo angekaa jikoni akitazama kiti cha Irena, na Roz aliogopa kwamba angekaa hapo mpaka aishe.

Basi Casimir alipoleta Chevelle kupimwa baada ya Pasaka, Roz alifanya jambo ambalo angemfukuza fundi mwingine kwa kulifanya. Nyuma ya mikono ya juu ya springi, vile vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele, kuna vipande vyembamba vya bati, na kwa vipande hivyo ndivyo mlalo wa mbele unavyopangwa. Alivitoa kwenye boliti za nyuma akavihamishia kwenye za mbele, pande zote mbili, mpaka ule mlalo karibu uishe. Usukani ukawa mwepesi. Alijiambia kaka yake siku hizi haendi mbali. Ni Fort Street, barabara ya hapa hapa mjini, na kurudi, mwendo wa kutembeza mbwa, na kwa mwendo huo gari halitamsumbua. Kumwambia hakumwambia. Angemwambiaje? Kaka, nimeona mikono yako?

Wiki ile ile Casimir alimjia gerejini anapiga mluzi.

"Mdogo wangu, mabega yamerudi!"

"Ee?"

"Haki ya Mungu. Ile dawa ya kuchua aliyonipa jirani. Naukunja usukani kwa mkono mmoja. Jana nimemwegeshea yule mzee aliyenisaidia parokiani mbele ya mlango wake, nikamwambia atoke anione."

Roz akasema vizuri, kaka, akajifanya anatafuta spana. Furaha ile ilimchoma. Lakini ilikuwa furaha, na tangu mazishi hakuwa ameiona, akaiacha.

Alichosahau ni Irena. Irena alikuwa mtu wa Toledo, mji ulio mbali kidogo kwa barabara kuu, na huko ndiko alikozikwa kando ya wazazi wake. Kumbukumbu ya kifo chake iliangukia Juni, na Casimir, kwa kuwa mabega yamerudi, akaamua safari hii hataomba lifti. Akanunua maua akaingia barabara kuu. Karibu na mji wa Monroe, katikati ya safari, lori lilimpita, upepo wake ukalisukuma gari, na gari ambalo kwa miaka yote lilikuwa likijirudisha lenyewe halikujirudisha. Alilivuta kushoto, likaenda kupita kiasi. Akalivuta kulia, vivyo hivyo. Akajikuta kwenye njia ya wengine na honi ndefu nyuma yake. Alirudi nyumbani kwa barabara za mashambani, maua yakiwa bado kitini.

Kesho yake asubuhi aliingia gerejini bila kupiga mluzi. Duane alikuwepo, anafungiwa rimu zake mpya za saizi ya adabu, pamoja na wazee wawili waliokuja kunywa kahawa ya bure.

"Roz, niangalizie mbele," Casimir akasema. "Boljointi, tairodi, sanduku la usukani, kila kitu. Tafuta kilicholegea."

"Kimetokea nini, kaka?"

"Wewe tafuta."

Alilipandisha jukwaani. Alitikisa matairi, akavuta vyuma, akamulika tochi mahali ambapo alijua hakuna kitu. Casimir alisimama pembeni ameshika kofia kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa yanaomba. Alikuwa anaomba gari liwe bovu. Roz aliliona hilo waziwazi. Aliwaona pia Duane na wazee wa kahawa, wote wanasikiliza. Kusema ukweli pale kulikuwa ni kutangaza mbele yao kwamba Casimir Wojtas hawezi tena kuzungusha usukani, na kwamba dada yake amemdanganya kama mtoto anayedanganywa kwa pipi.

"Hakuna kilicholegea," akasema. Hilo lilikuwa kweli.

"Kwa hiyo liko sawa?"

"Liko sawa."

Ndivyo ulivyomtoka uongo wa kwanza wa maisha yake ya kazi, na wote waliokuwa pale waliuamini papo hapo kwa sababu ulitoka kinywani mwake.

Alimwomba amwachie gari mpaka jioni abadilishe nafasi za matairi. Wote walipoondoka alirudisha vipande vya bati vyote mahali pake, na kila boliti aliyoikaza alijilaani. Alipanga Jumapili aende kwake, wakae wawili, amweleze. Hakufikiria kitakachotokea jioni ile, kwamba Casimir angepanda, ashike usukani, na aukute mzito kama zamani. Casimir alijaribu kutoka uani. Mara ya kwanza hakuweza kukata kona ya geti. Akarudi nyuma, akajaribu tena, akaweza, na alipopita mbele ya Roz hakumtazama. Ndani ya siku mbili barabara ilikuwa imemfanya asiyaamini macho yake, na sasa mabega nayo yalikuwa yameondoka.

Jumapili Roz alipofika alikuta uwanja mtupu. Chevelle, Casimir alikuwa amemuuzia Duane jana yake. Lile gari dogo la kila siku alikuwa amempa binti yake aliyekuja kutoka Lansing, pamoja na leseni, ili asishawishike.

Walikaa jikoni, supu ya kabichi ikipoa mbele yao, na Roz akamweleza yote: maegesho ya parokia, vipande vya bati, kwa nini usukani ulikuwa mwepesi na kwa nini gari lilitangatanga, jinsi alivyolirudisha. "Ni mimi, kaka. Si mikono yako, si macho yako. Hakuna ambaye angelishika gari lile kule Monroe. Ulilishika wewe, ukafika nyumbani. Namrudia Duane leo, atalirudisha, ananijua."

Casimir alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, akampigapiga kiganja, akatabasamu.

"Una roho nzuri, Roz. Mama alikuwa hivyo hivyo."

"Kaka, siyo roho nzuri! Ni kweli!"

"Nilikuuliza mbele ya watu, ukaniambia liko sawa. Wewe huwezi kusema uongo kuhusu gari, hata padri anajua. Sasa leo umenionea huruma, umetafuta la kuniambia. Sikulaumu. Kula supu."

Akaapa. Akalia, yeye ambaye hakulia hata mume alipofunga mizigo. Kadiri alivyozidi kuapa ndivyo kaka yake alivyozidi kumhurumia, na mwishowe ni yeye aliyemletea dada yake kitambaa. Halafu akamwomba jambo moja tu: ampeleke Toledo, maana maua hayakufika.

Wakaenda kwa pikapu ya Roz, barabara ile ile. Casimir aliegemeza kichwa kitini akafumba macho, na Roz akadhani amelala. Walipopita Monroe akasema, bila kuyafumbua:

"Gari lako linavuta kulia."

Pikapu ilikuwa inavuta kweli, tangu lile shimo la Machi, kidogo sana, kiasi kwamba wateja wake wasingejua na mafundi wengi wangebisha.

"Au basi," Casimir akasema. "Labda ni mimi."

"Si wewe, kaka! Inavuta! Inavuta kweli, na wewe umeihisi ukiwa kiti cha abiria, umefumba macho. Unaona sasa? Hakuna kilichokuharibikia!"

Casimir akafumbua macho, akageuka, akampa lile lile tabasamu la jikoni.

"Haya, dada. Ahsante."

Akaibana mikono katikati ya magoti, akatazama dirishani mpaka Toledo.