Ya Kwanza ya Kapteni

Ukimpelekea Sindano santuri ya roki ya zamani, hatazami jalada. "Hiyo ni nguo," husema, "hata mimi naweza kuazima." Lebo nayo huipitia kwa jicho la pembeni tu. Huishika santuri kwa viganja, vidole vikiwa mbali na mifereji, na kuiinamisha chini ya taa mpaka mwanga uangukie ule ukanda laini usio na muziki, kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Hapo pana namba iliyokwaruzwa kwa mkono kiwandani kabla ya kalibu ya kuchapia santuri kutengenezwa. Yeye huiita kovu. Kalibu ikichakaa, au mwenye wimbo akitaka kubadili jambo, hutengenezwa nyingine, na kovu nalo hubadilika. Jalada mtu anaweza kubadilisha akiwa sebuleni kwake. Kovu hawezi.

Duka ni la mjomba wake, Kapteni, aliyemlea tangu mama yake alipofariki na kumfundisha kazi hii yote. Ujanani Kapteni aliongoza bendi ya roki, na wimbo wao mmoja haujafa hadi leo, ule unaoanza na gitaa peke yake, kama mtu anayebisha mlango kwa hasira. Santuri ya wimbo huo ilitundikwa juu ya kaunta ndani ya fremu. Chini yake Kapteni aliandika kwa rangi nyeupe: YA KWANZA. Kwenye lebo, mtunzi ni yeye.

Sindano, ambaye mteja akimwapia ndiyo kwanza humshuku, hakuwahi kuishusha ile. Kovu lake hakulijua. Aliijua kwa mdomo wa mjomba wake, ikatosha.

Alasiri moja akaingia mshonaji wa mtaa wa pili, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa foronya. Ni binti wa Mashoto, aliyepiga gitaa kwenye bendi ile kisha akaondoka kwa ugomvi ambao kila mtu huusimulia kivyake. Sasa Mashoto alikuwa hatoki kitandani, mapafu yamemgomea.

"Shikamoo, Kapteni," mshonaji alisema, kama mtu anayelipa ushuru.

"Marahaba." Kapteni alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, akikunja gazeti. "Yule mzee wako bado anapiga gitaa kama anayekuna upele?"

"Na bado mlimfuata nyumbani kumwomba." Akamgeukia Sindano. "Dada, leo redio wana kipindi cha bendi yao. Mtangazaji anasema kuna santuri za ule wimbo ambazo mtunzi ni baba, na kuna ambazo mtunzi ni Kapteni. Atamtaja yule aliye kwenye chapa ya kwanza. Kasema atakupigia wewe, neno lako ndilo atakalotangaza. Baba ameniagiza nimwekee redio karibu na mto. Sijui nimwambie nini."

"Mwambie alale," Kapteni alisema. "Hizo zenye jina lake alizichapisha baadaye, kwa kinyongo."

Sindano alifungua foronya, akaiinamisha santuri ile yenye jina la Mashoto chini ya taa. Namba ilikuwa pale, na mwishoni mwake moja. Lakini kovu moja halisemi kitu mpaka lilinganishwe na jingine. Akainua macho kwenye fremu.

"Mjomba, naomba niishushe."

"Ya nini? Si imeandikwa?"

"Imeandikwa kwa rangi."

"Kwa mkono wangu."

"Ndiyo maana naomba."

Kapteni alisimama, akaweka mguu juu ya kigoda ambacho Sindano alikuwa anakivuta. "Ukipanda hiki, ujue unanipanda mimi kichwani."

Walitazamana. Mshonaji alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu. Sindano hakubishana. Aliuinua mguu wa mjomba wake kwa mikono miwili, taratibu, kama anavyoinua santuri, akauweka sakafuni. Akapanda.

Skrubu za nyuma ya fremu zilikuwa na kutu. Ya mwisho ilimchana kidole. Aliifuta damu kwenye sketi, akaishika santuri kwa viganja, akaipeleka kwenye taa. Namba ni ileile. Ile moja ya mwishoni imepigwa mstari, na pembeni yake pamekwaruzwa mbili.

"Huo mkwaruzo tu," Kapteni alisema.

"Mkwaruzo haujui hesabu, Mjomba."

Kapteni alikaa. Aliponena tena, sauti ilikuwa ya chini. "Niliandika ya kwanza. Ya kwanza kuwa na jina langu. Uongo uko wapi?"

Wapo wanaoiba kwa bunduki, na wapo wanaoiba kwa kuacha sentensi bila kuimalizia. Hawa wa pili huwa tunawapa viti vya mbele. Kila mteja aliyeisoma fremu ile aliimalizia mwenyewe, na Sindano pia, tangu alipojua kusoma.

"Mashoto aliniacha na bendi isiyo na gitaa," Kapteni aliendelea. "Kumbi nilitafuta mimi. Vyombo nilibeba mimi. Nikaenda kiwandani nikasema lebo ibadilishwe, kwa sababu wimbo bila bendi ni kelele za chumbani. Nimekulea wewe, na sijakuomba kitu hata siku moja. Leo naomba. Sema zimechakaa, hazisomeki. Basi."

Simu ya kaunta ikalia.

Mshonaji alikuwa ameizungusha futi kwenye kidole mpaka ncha yake ikawa nyeusi. Simu ililia, ikalia, ikanyamaza. Kapteni akashusha pumzi. Ikaanza tena, na safari hii Sindano akaipokea.

"Hapo ni dukani kwa Sindano?" mtangazaji aliuliza.

"Ni dukani kwa Kapteni. Sindano ni mimi."

"Sawa, mama. Tangazo likiisha narudi hewani. Chapa ya kwanza ina jina la nani?"

Sindano alilisoma jina la Mashoto kutoka kwenye lebo, herufi kwa herufi, kisha akalirudia lote.

"Una uhakika?"

"Ninazo zote mbili hapa. Yenye jina la Kapteni ni ya pili. Na Kapteni ni mjomba wangu, hilo nalo ulitangaze, wasije wakasema nilificha."

Kabla hajaweka simu chini, mshonaji alikuwa ameshatoka mbio, foronya na santuri ameziacha kwenye kaunta.

Kapteni alinyoosha mkono bila kumtazama. "Funguo."

Sindano akaziweka kwenye kiganja chake. Kisha akaishika taa, aondoke nayo.

"Taa ni ya duka," Kapteni alisema.

Aliiacha. Aliifunga santuri ya Mashoto kwenye foronya. "Hii si ya duka."

Mjomba alikuwa ameichukua fremu tupu, akiitazama mapajani mwake.

Nje, redio ya kinyozi wa jirani ilikuwa imeanza kutaja majina, na watu wawili walikuwa wamesimama mlangoni kusikiliza. Sindano hakujiunga nao. Alikuwa na mali ya mtu mkononi, na hakuwahi kufika kwa Mashoto, ikabidi amuulize kinyozi njia.