Barua ya Mshamu, Niliyoisoma Mimi

Hapa Mtawanya wakisema "mwandishi" wanamtaja mume wangu, Mshamu, na wallahi roho inaniuma. Ametoa vitabu viwili vya hadithi, akavitembeza mpaka Utete, karibu vyote vikarudi. Kimoja nakiweka mlangoni ili usijifunge.

Kilichomlisha ni barua za posa. Kijana akitaka kuoa alimfuata Mshamu, naye alimpamba mpaka unashangaa mbona hajanyakuliwa siku zote hizo. Ila maneno yalikuwa yaleyale. Dada yangu Mwanamina aliposwa na Haruni, "mkata mikoko shupavu, asiyejua hofu ya maji." Haruni huyo akipanda mtumbwi hufumba macho mpaka ng'ambo.

Basi Mshamu akanipenda, nami nikampenda, sibishi. Mshenga akaja na barua ndani ya leso. Baba yangu, Mzee Kondo, haoni maandishi siku hizi, kwa hiyo msomaji wa nyumbani ni mimi. Nikaanza: "Kijana shupavu, asiyejua hofu ya maji..."

Baba akaninyamazisha. Akasema mkwe wa namna hiyo anaye tayari na mmoja anamtosha. Huyo mwandishi alete barua ya kweli, aseme na aibu zake. Akipamba tena, mimi Siti siolewi naye.

Siku tatu nikawa namchungulia mshenga mlangoni. Barua ya pili ilipokuja nikaifungua mbele ya Baba, nikaipitia kwanza kwa macho. Yaani mwanamume yule, miaka yote anatunga, leo ndiyo kaamua kuwa mkweli. Ameandika hajawahi kuvuna hata muhogo. Ameandika anaogopa viboko hata waliochorwa. Ameandika kuku wote wa mama yake waliliwa na kicheche kwa sababu aliwasahau nje akitafuta neno.

"Soma, mwanangu," Baba akasema.

Nikasoma yasiyokuwemo. Nikasema kijana anakoroma. Nikasema akishiba husimulia kisa kimoja mara tatu na kucheka peke yake. Nikasema kofia ikimpotea hugombeza nyumba nzima, kumbe anayo kichwani. Mama alikuwa pembeni anachambua mchele. Akamwangalia Baba, akaniangalia mimi, akainamia ungo, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Baba alicheka mpaka akafuta machozi.

"Huyu ni mtu mwema," akasema. "Kama vile namjua."

Nikaolewa mwezi uliofuata. Tangu hapo kila mgeni anasimuliwa na Mshamu jinsi kalamu yake ilivyomlainisha Mzee Kondo, na mimi namimina chai tu.

Sasa juzi Baba alilala kwetu. Asubuhi akaniuliza, kwa masikitiko kabisa, mbona mkwe wake hakoromi, au anaumwa. Ikabidi nimweleze Mshamu yote. Alinuna nusu saa nzima, hataki hata chai. Kisha akaja jikoni taratibu, akaniuliza kile kisa cha kusimulia mara tatu ni kipi, maana Baba bado yupo mpaka Ijumaa.