Nilivyotangaza kisima cha shule Temeke kimeharibika, watu wakacheka wakaenda kuchota

Wakuu, heshima kwenu. Wa rika langu, kama mmebaki humu, shikamoo tugawane.

Mie nilisoma hadi darasa la nne tu, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda inyoosheni wenyewe. Nitasimulia yaliyonikuta, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Kilichonikumbusha ni hiki. Juzi shule wanayosoma vitukuu vyangu imetuma ujumbe kwenye group la wazazi: tenki la maji lina kasoro, watoto waje na maji ya nyumbani. Wazazi wakajibu kwa vikaragosi vya kucheka.

Nikajisemea, haya, tumerudi Temeke.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Mie kijana, mhudumu wa shule moja pale Temeke. Nafagia, nagonga kengele, nachotea walimu maji. Jina la shule naliacha, wajukuu wa watu wamo humu.

Shule ilikuwa na kisima, na mtaa mzima ulichota hapo. Maji matamu, tena baridi.

Kikachimbwa choo kipya. Fundi alichimba pale alipokuta vigingi, simlaumu. Ila vigingi viliwekwa kiangazi. Masika ilipoingia ndipo tukaona maji yote ya upande wa choo yanateremkia kisimani.

Watoto wakaanza kuharisha.

Mmoja wao alikuwa Salima, binti wa Bi Zena, mama mwenye nyumba niliyopanga. Salima alikuwa darasa la kwanza, mwembamba kama ufito. Aliumwa mpaka macho yakaingia ndani. Alipopata nafuu akarudi shule, na akarudi kisimani.

Bwana Afya akaja, akachukua maji kwenye chupa, akaenda nayo mjini. Aliporudi akasema kisima kisitumike. Akabandika tangazo kwenye mlango wa ofisi, kwa Kiingereza.

Nisimwonee. Sheria ilimtaka abandike, akabandika. Ila waliojua Kiingereza pale walikuwa yeye na mwalimu mkuu, na wote wawili walishajua.

Mwalimu mkuu, muungwana wa kutoka Bukoba, akaona haitoshi. Mpiga mbiu wa mtaa alikuwa msibani Kisarawe, basi akaniita mie.

"Wewe una sauti," akasema. "Zunguka uwaambie watu wasichote."

Kosa lilizaliwa hapo, na hakuna aliyeliona. Mie Mnyamwezi. Mtaa ule karibu wote walikuwa Wazaramo.

Kwa vijana msiojua: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mtani akikwambia nyumba yako inaungua, unamuuliza kama amekuja na mihogo ya kuchoma. Hakuna kununa, na hakuna kuamini. Mtu wa Bukoba angeyajulia wapi hayo.

Nikashika debe tupu, nikazunguka napiga: kisima cha shule kimeingiwa na uchafu wa choo, msinywe, watoto wanaumwa.

Watu walitoka milangoni kwa furaha.

"Mtani, kwani umeoga humo?" akauliza muuza kahawa.

"Wanyamwezi wamechoka kubeba mizigo ya misafara, sasa wanabeba uongo," akadakia mwenzake.

Bi Zena alicheka mpaka akashika ukuta. "Mnyamwezi anataka kisima abaki nacho peke yake. Salima, chukua ndoo."

"Bi Zena, safari hii sitanii."

"Ndivyo mnavyosemaga wote."

Na ni kweli, ndivyo tulivyosemaga wote.

Jioni ile kisimani palijaa kuliko siku zote. Wengine nadhani walikuja ili waone nitafanya nini.

Mwalimu akaenda mwenyewe kwa Bi Zena, kavaa na tai. Bi Zena akamsikiliza kwa adabu zote, akamkaribisha chai ya maji yale yale. Mwalimu akanywa, naye kwa adabu. Niseme haki, yalikuwa yamechemka. Alipoondoka, Bi Zena akasema, "Masikini, mtani kamdanganya hata mwalimu wa watu."

Nikawaza sana. Labda kasoro ni sauti yangu. Labda ni sura.

Kisha nikakumbuka jambo. Maneno ya mtani hayaaminiki, lakini vitendo vyake vina heshima. Msibani mtani akiingia kaburini akalala, maziko yanasimama mpaka apewe kitu atoke.

Asubuhi nikaazima shuka jeupe kwa mwalimu, nikajiviringisha kama sanda, nikalala mdomoni mwa kisima.

Wanawake wakafika na ndoo.

"Nimekufa," nikawaambia. "Nimekunywa maji yenu. Anayetaka kuchota anitoe kwanza."

Wakacheka, lakini hakuna aliyenivuka. Mila ni mila. Wakaleta nazi, nikakataa. Jua likapanda. Siafu wakanipata, nao hawana utani na mtu.

Mwisho Bi Zena akaja na jogoo mwekundu, mnene. Sitaki kudanganya, nilimtazama jogoo yule kwa muda.

"Simtaki," nikasema.

Kicheko kikakatika.

Bi Zena akachuchumaa karibu yangu. "Mtani hakatai jogoo," akasema polepole. "Unataka nini?"

"Nataka Salima asinywe."

Akanitazama. Akamgeukia Salima, aliyekuwa na kata mkononi, akamnyang'anya. Kisha akasimama.

"Jamani, Mnyamwezi kakataa jogoo. Hii habari ni ya kweli."

Debe halikuhitajika tena. Kabla ya adhuhuri mtaa wote ulikuwa unajua, na kisima kikafukiwa.

Kikachimbwa kingine, upande wa juu wa choo. Bwana Afya akayapima maji, safi. Mwalimu akanituma tena nikatangaze kuwa sasa ni salama.

Hakuna aliyeamini.

Nikanywa kata nzima mbele yao. Wakasema tungoje kesho tuone kama ataamka.

Bi Zena ndiye aliyekata shauri. "Mleteni yule jogoo. Akimkataa, hatunywi."

Wakuu, nilimpokea kwa mikono miwili kabla hajanifikia vizuri, manyoya yakaruka. Salima akachota, akanywa wa kwanza.

Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa akili au bahati. Funzo nililopata ni dogo: tangazo kubandikwa si sawa na watu kujua, na watu kucheka si ujinga wao. Wanampima anayesema kwa kipimo walichonacho.

Nyie shuleni kwa wanenu ikitokea ishu ya maji au choo, nani anawaambieni, na mnampimaje? Semeni, nitasoma zote, taratibu.

Wazaramo ruksa kunitukana. Nikijibu msinune.