Wazee Wawili kwenye Mstari Mmoja

Alhamisi, mwezi wa saba. Upepo mkali tangu alfajiri, na mlima umejifunika mawingu hadi kiunoni. Katesh yote inatembea imejikunyata.

Naandika haya nikiwa sina uhakika kama nilichofanya leo ni akili au ujanja tu. Nitaeleza yote, atakayesoma apime.

Kazi yangu ni kuchapa katika steshenari ya mama mmoja mjane. Tangu tukatwe kutoka mkoa wa Arusha tukawa mkoa wa Manyara, kila ofisi inataka barua iliyochapwa, ndiyo maana duka linaishi. Kompyuta yetu ni ya mtumba. Fundi aliyetuuzia aliweka programu ya ofisi ya bure, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuigawa, na maneno yake ya juu ni ya Kiswahili: Faili, Hariri, Panga. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nilishukuru. Jirani wa ng'ambo ya barabara anatumia ile maarufu, iliyonakiliwa kwa siri, na huwaambia wateja kwamba barua ya programu ya bure haina nguvu, huko iendako itarudishwa. Si kweli. Lakini nisimwonee: printa yake inatoa maandishi meusi kuliko yetu, na faili yetu ikifunguliwa kwake mistari huhama kidogo.

Mdogo wangu anaolewa Jumamosi. Kamati ilinipa majina ya wazee watakaoitwa kumwombea baraka, nitengeneze ratiba. Jana niliyaingiza kwenye jedwali, nikaona neno Panga, nikabonyeza. Majina yakaruka, yakajipanga kwa alfabeti kama wanafunzi paredi. Nikajiona mtaalamu. Nikachapa, nikapeleka nyumbani Mogitu.

Baba aliisoma kwa sauti hadi mwisho. Wa kwanza kuitwa alikuwa mume wa shangazi yetu mdogo, kijana ambaye juzi tu ameanza kunyoa ndevu. Baba mkubwa, kaka yake baba, jina lake linaanza na W. Alikuwa wa mwisho, chini ya mtu wa vipaza sauti, ambaye kamati ilimwandika kwenye karatasi hiyo hiyo. Naye alikuwepo pale pale, anaota moto.

"Kumbe mimi nafuata baada ya spika," alisema.

Akainuka, akasema Jumamosi atabaki na ng'ombe wake, akaondoka bila kugusa chai. Sasa, nyumbani kwetu baba mkubwa ndiye anayemshika binti mkono na kumvusha kizingiti. Asipokuja, mdogo wangu hatoki. Mdogo wangu alinitazama tu. Afadhali angenitukana.

Leo asubuhi nikaongeza safu ya umri. Haikusaidia. Wazee wetu hawajui mwaka waliozaliwa, na waliobatizwa walibatizwa wakiwa na ndevu. Mwenye duka, ambaye hufuma sweta akisubiri wateja, akasema, "Andika nani anampa nani shikamoo. Hapo hakuna anayedanganya."

Basi kila mzee nikampa namba ya shikamoo anazopokea kutoka kwa wenzake, nikabonyeza Panga, kubwa ikae juu. Mashine ikapata adabu. Isipokuwa juu kabisa: baba mkubwa na mjomba wetu, kaka yake mama, walilingana. Hawa wawili hawajawahi kuamkiana. Kila mmoja anadai alishachunga ndama wakati mwenzake anabebwa mgongoni. Wakikutana huulizana habari za ng'ombe, wanapita.

Wote wawili walikuwa wamekuja sokoni. Nikamwita kila mmoja aje ahakiki jina lake, bila kumtaja mwenzake. Nilitumaini mmoja atateleza ampe mwenzake shikamoo.

Walikutana mlangoni. Baba mkubwa akasimama. Mjomba akarekebisha kofia.

"Habari za ng'ombe?" mjomba akauliza.

"Wanakunywa maji. Wa kwako?"

"Wanakunywa."

Mwenye duka akainamia sweta lake, mabega yakimcheza.

Niliwaamkia, wakakaa benchi moja. Nikawaonyesha nilivyougawa mstari wa juu wa jedwali vyumba viwili, huyu huku na huyu huku, hakuna aliye chini ya mwenzake. Baba mkubwa akasogeza uso kwenye kioo cha kompyuta.

"Kusoma kunaanzia upande gani?"

"Kushoto, baba mkubwa."

"Na kushoto nimeona nani?"

Alikuwa mjomba. Nikawabadilisha. Hapo mjomba akaanza kutafuta fimbo yake aondoke.

Nikawaomba wanywe soda kwanza. Nikatengeneza faili mbili. Ya ukoo wa baba, baba mkubwa kushoto. Ya ukoo wa mama, mjomba kushoto. Nakala sawa kwa sawa, sikupendelea. Kila mzee nikampa yake imekunjwa. Mshereheshaji nitamwambia awaite hao wawili "wazee wetu", aishie hapo.

Mjomba alitangulia kutoka, akaninong'oneza, "Najua yake si kama yangu. Mwache afurahi. Mkubwa habishiwi."

Alipotambua alichosema akakohoa, akaenda zake upesi. Baba mkubwa naye akabaki nyuma kidogo, akaniambia ameichungulia ya mwenzake. Hakukasirika. Alisema vijana wanapenda kuwa mbele.

Kwa haki, baada ya maneno ya wote wawili ningeweza kuandika ratiba moja tu, baba mkubwa juu. Sikuandika. Mwenye duka anasema nimefanya vizuri, lakini yeye alikuwa anacheka, sijui kama ni shahidi mzuri.

Jua lilipozama baba mkubwa aliingia nyumbani bila kuitwa. Akauliza Jumamosi tunaanza saa ngapi, maana koti lake linahitaji kupigwa pasi. Mdogo wangu akamletea maji ya kunawa. Tulikula ugali na maharage, na maziwa ya mgando, na baba mkubwa akaomba aongezwe.