Maji Yaliyogoma Siku ya Harusi

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiifikiria hucheka peke yangu. Tulikuwa tukiishi Lindi, kule Kibera, nami nilikuwa darasa la saba. Nilikuwa nimeongoza darasa zima katika sayansi. Ungeniona nilivyotembea! Ungedhani mvua hunyesha kwa ruhusa yangu.

Siku hiyo Bi Hawa, mama Mnubi aliyekuwa mwenye nyumba wetu, alikuwa akimwoza binti yake. Nyama imeshakatwa, mchele umechambuliwa, na mifereji ya mtaa mzima imekauka. Maji ya kupikia yalikuwa ndani ya tangi lake tu, nayo hayakufika nusu. Koki ya tangi ilikuwa imekazwa na kutu, na mdomo wa juu ulikuwa mwembamba, hauingizi ndoo.

"Wageni wanafika saa saba," Bi Hawa alisema, mikono kichwani. "Niwape mchele mkavu?"

Nikajitokeza. "Tulieni, kina mama. Hii tumesoma. Leteni mpira wa maji."

Nikatumbukiza ncha moja ndani ya tangi, na ya pili nikaining'iniza kwenye mdomo wa pipa refu lililokuwa juu ya mawe. Kina mama wakapanga ndoo. Tukangoja. Hata tone.

"Sayansi imelala!" mmoja akasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu, na siku hiyo debe lilikuwa mimi.

Asiyecheka alikuwa Mzee Okelo, jirani yetu, fundi wa mabomba. Aliweka kikombe chake cha chai chini, akaniita.

"Binti yangu, umesoma maji, ama umesoma kitabu cha maji?"

Akanionyesha bonde kwa kidole.

"Ukishuka Silanga kule bwawani, nani hukusukuma?"

"Hakuna, Mzee. Ni mteremko."

"Na kurudi?"

"Napanda nikihema."

"Basi angalia hilo pipa lako."

Nikaangalia. Mdomo wa pipa ulikuwa juu kuliko maji ya tangini! Kwenye mtihani niliandika kwamba maji hutoka juu kwenda chini, nikapata alama zote. Na hapa nilikuwa nayaamuru yapande. Haya ilinishika, lakini nikasikia na furaha ikinitekenya. Nikaishusha ile ncha hadi kwenye beseni chini.

Bado hayakuja.

"Ndani ya huo mpira kuna nini?" Mzee akauliza.

"Hakuna kitu."

Nikauchungulia. Nikafikiri. "Hewa! Kuna hewa, Mzee, nayo imeshika nafasi!"

Tukaujaza mpira kwa jagi la maji ya kunywa. Mimi nikaziba ncha moja kwa kidole gumba, Bi Hawa na hina yake akaziba ya pili. Nikaizamisha yangu tangini, naye akainama na yake hadi chini kabisa.

"Achia, Mama!"

Yakaja, mwanangu! Yakamwagika kwa kishindo, Bi Hawa akalowa hadi magotini, vigelegele vikapanda. Mpira ulikuwa na ufa mdogo, na vile vitone viliporuka juani, tukaona upinde wa mvua umesimama mbele ya ukuta wa mabati. Pilau ilichelewa kidogo, lakini ilishibisha watu. Sahani ya kwanza nilimpelekea Mzee Okelo kwa mikono miwili.

Leo niko mtaa wa Kongo, huku Kawangware, nanyi wajukuu zangu hunisalimu, "Niaje, dani?" yaani nyanya. Nawasikia mkikariri mambo ya maada na mwanga kwa ajili ya mtihani. Karirini, alama ni nzuri, zitafuteni. Lakini mwalimu akisema mwanga hupinda majini, tia kijiko kwenye glasi ujionee. Muulize fundi, muulize anayepika chai mvuke unakwenda wapi. Kuuliza si ujinga. Na wakikucheka, cheka nao, kisha urudi kujaribu.

Mungu akupe macho ya kuona na moyo usioona haya kujifunza. Kalamu yako iwe nyepesi, na furaha isikuishie nyumbani.