Ndoo ya Bushishi na Tangi la Sianidi

Niliposikia Mkurugenzi akisema, "Mama Neema, sogea, unazuia dawa," uvumilivu wangu ukaisha. Nilikuwa na Neema mgongoni, karatasi ya kupimia pH mkononi, na mbele yangu mwanaume mzima na suti yake ameinua ndoo ya maji ya ukwaju, bushishi kama tunavyouita kwetu, anataka kuimwaga kwenye tangi la sianidi. Nikamnyang'anya ndoo.

Ninyi wadogo zangu mnaomaliza kidato cha nne na kutafuta kazi za plenti za kuchenjulia dhahabu, someni hili. Najua kusimulia kazi ni mambo ya wastaafu. Mimi nimestaafu bado nanyonyesha, kwa hiyo haki ninayo.

Siku ya kwanza nilifika plenti ile, njia ya Kahama kwenda Geita, nikidhani nitafagia. Tulikuwa tunachenjua marudio, yaani mchanga ambao wachimbaji wameshauosha na bado una dhahabu kidogo ndani yake. Mchanga unalowekwa tangini, sianidi inaiyeyusha dhahabu, halafu kaboni, vile vipunje vyeusi kama mkaa, vinainasa. Mkemia wetu, mzee mpole aliyemwogopa bosi kuliko sumu, ndiye aliyenipokea.

"Shikamoo."

"Marahaba. Asidi na besi ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ulielewa?"

"Nilifaulu."

Akacheka mpaka miwani ikashuka. "Basi njoo nikuonyeshe ulichofaulu."

Akanieleza kwamba sianidi majini ina hali mbili. Moja imetulia, inafanya kazi ya dhahabu. Nyingine ni gesi inayotaka kuruka, na ukiivuta inaua. "Hizi zinageukiana muda wote," alisema. "Fikiria stendi ya Kahama. Mabasi yanaingia, mabasi yanatoka, lakini ukichungulia unaona yaliyopaki ni mengi vilevile kama jana. Huo ndio msawazo. Haujasimama, unaenda na kurudi kwa kulingana. Chokaa ni besi, inafunga geti la kutokea. Asidi inalifungua."

Kazi yangu ikawa kulinda geti. Nachovya karatasi, nalinganisha rangi. Ikisoma kumi na nusu, roho yangu imetulia. Ikishuka, naongeza chokaa. Ikifika tisa na kidogo, nusu ya sianidi imeshakwenda upande wa gesi. Na pua usiitegemee, maana wengine harufu yake hawaisikii kabisa. Niliipenda kazi ile, nasema kweli. Nilikuwa natoka pale mweupe kwa chokaa kuanzia kilemba mpaka buti, na vijana wa kaboni wananiita bibi harusi.

Kisha tukaletewa marudio ya mawe yenye salfa. Mawe hayo yenyewe yanatoa asidi na kula chokaa kwa fujo, na dhahabu ikapungua. Dawa yake ilikuwa kuongeza chokaa. Mkurugenzi akaleta mganga.

Mganga akalizunguka tangi, akanusa, akatangaza kwamba chokaa inaifunga dhahabu. Iachwe kabisa, halafu tangi linyweshwe maji ya kuiita. Chokaa ikafungiwa stoo. Mkemia akaangalia viatu vyake. Nilipobisha nikaambiwa wanawake wana nuksi kwenye dhahabu. Vichwa vikaanza kutuuma, na mchana mmoja Neema, aliyekuwa amelala kwenye kibanda cha watoto, upande ambao upepo unapeleka hewa ya matangi, akaamka anatapika. Nikamkimbiza zahanati. Alipopata nafuu nikamfunga mgongoni, nikarudi kuchukua vitu vyangu tu. Nikachovya karatasi moja kwa mazoea. Tisa! Nageuka, Mkurugenzi huyo hapo na ndoo yake.

"Unajua mganga wako kanunua wapi bushishi huu?" nikamuuliza nikiwa nimeishika ndoo. "Kwa mama yangu, anayeuza wa kupikia uji sokoni Kagongwa! Jana mama kanipigia simu, anafurahia mteja, mganga wa plenti yetu."

Vijana wa kaboni wakavunjika mbavu. "Mayu! Kumbe dhahabu inaitwa kwa uji!"

"Hayo ni mambo ya mizimu," Mkurugenzi akasema, "wewe huyawezi."

"Hii ni asidi. Ndiyo maana inachachua meno. Geti lishakuwa wazi, ukiimwaga humu tunakwenda wote, na suti yako."

Mkemia akakohoa. "Bosi," akasema kwa sauti ndogo, "hata bila hiyo ndoo tumeshachelewa. Naomba ufunguo wa stoo." Akanyoosha mkono na hakuurudisha. Mkurugenzi akautoa. Tukahamia sote upande upepo unakotoka, chokaa ikaanza kuingia tangini, mfuko baada ya mfuko.

"Wewe umestaafu!" Mkurugenzi akanifokea. "Kuanzia leo!"

"Ahsante. Ndoo naondoka nayo."

Kustaafu kuna raha yake. Mtu anapata nafasi ya kuandika. Malalamiko yangu ya kwanza kwa ofisi ya madini yalijaa matusi, Mkemia akanishauri niyapunguze. Nikayapunguza. Yaliyopokelewa na kugongwa muhuri ni haya:

"YAH: KUZUIWA KWA CHOKAA KWENYE TANGI LA SIANIDI

Mimi ni mchenjuaji mstaafu na mama wa mtoto mmoja. Nalalamika kwamba mwajiri wangu alizuia chokaa, gesi ikatoka, mwanangu na wenzangu wakaugua. Naomba mwende mkapime wenyewe, na mkifika simameni upande upepo unakotoka. Naomba ufunguo wa stoo ya chokaa akae nao Mkemia. Naomba kibanda cha watoto kihamishwe mbali na matangi. Mkemia ni shahidi wangu, ameahidi safari hii hataangalia viatu.

Kuhusu dawa ya mganga, niliichukua mimi. Nimeipikia uji, nikatia sukari, wafanyakazi wamekunywa na kuomba tena. Ndoo nimeiosha, nimeiacha hapo mapokezi kwenu. Mkurugenzi mwenyewe aje aichukue, na akija, kabla hamjampa, mumuulize habari za chokaa."