Bizari ya Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja ya Idi hapa Kondoa, mwanangu, enzi za Mjerumani, nilipomuumiza mama mkwe wangu mbele za watu. Mpaka leo naijutia.

Nilikuwa mke mgeni, sijamaliza hata mwaka. Mama mkwe, Bi Mwanaidi, alisaga bizari yake mwenyewe. Alikaanga giligilani na bizari nyembamba, akatia manjano na vingine ambavyo sikujali kuviuliza, kisha akasaga juu ya jiwe mpaka mabega yakamuuma. Tangawizi na kitunguu saumu alivitwanga vibichi siku ileile ya kupika. Kila mara aliniita, "Njoo uone kipimo, mwanangu." Nami kila mara nilikuwa na kazi nyingine.

Wakati huo dukani, karibu na boma, walikuwa wameanza kuuza bizari ya kopo. Niliona huo ndio ustaarabu. Basi Idi ile nikapika nyama kwa bizari ya kopo, na wageni walipokuwa wakila nikasema kwa sauti, "Leo angalau hamtatafuna mchanga wa jiwe la mama."

Watu wakacheka. Bi Mwanaidi akanawa mikono, akaniambia taratibu, "Umepika vizuri, mwanangu." Hakuniita tena kwenye jiwe lake.

"Kamwombe radhi," mume wangu Juma aliniambia. Nikajibu nitakwenda kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Kabla mvua hazijaanza, homa ikamshika mama siku tatu tu, tukamzika.

Kisha vita vikaja, na Juma akachukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani. Alirudi mifupa mitupu, tumbo halishiki chakula. Akaniomba, "Nipikie mchuzi kama wa mama."

Nilikaanga, nikasaga, nikatwanga. Akaonja kidogo, akatabasamu. "Umekaribia," akasema. Kesho yake nikazidisha giligilani. Siku iliyofuata nikaipunguza. Kila siku alionja, kila siku akaniambia nimekaribia, maana alikuwa mtu mpole. Siku ya nne nilimpelekea bakuli, nikamkuta amekwisha kufariki.

Mwanangu, sikukatazi kununua ya dukani. Hata mimi naitumia mikono ikinisumbua. Lakini mkubwa wako akikuita ukae naye jikoni, acha ulichoshika uende. Bi Mwanaidi hakuwa akinifundisha mchuzi tu. Alikuwa akinitafuta niwe mwanawe, nami sikulijua hilo mpaka alipokuwa ameshazikwa. Na ukimkosea mtu, mwombe radhi angali anakusikia. Mimi niliomba kaburini, nikarudi nyumbani na uzito uleule.

Mungu akupe moyo wa kusikia unapoitwa, akuwekee wazee wako hai mpaka mpatane, na akuepushe na majuto kama haya yangu. Amina.